Kuchemsha au kuloweka: historia fupi ya jani la chai

Siku hizi kuna ushauri unaozunguka sana kuhusu chai. Usichemshe majani, wanasema. Chemsha maji peke yake, mimina juu ya majani, funika, subiri dakika tatu au nne, chuja, kunywa. Maziwa usiweke, na kama huwezi kujizuia, weka tone. Ushauri huu hutolewa kwa sauti ya mtu anayesahihisha tabia mbaya, na tabia yenyewe ni yetu: sufuria iko motoni, maji na maziwa pamoja, tangawizi imepondwa, majani yametupwa humo, na yote yanachemka mpaka yanataka kumwagikia jiko. Kwa kipimo hicho, karibu Afrika Mashariki nzima haijui kutengeneza chai.

Mimi sikubaliani. Lakini pia sikubaliani na wale wanaojibu kwa hasira kwamba chai ya kuloweka ni mambo ya wazungu. Pande zote mbili zinaruka swali la kwanza: majani gani? Namna ya kupika chai hufuata jani, na jani linalofika kwenye duka la mtaani kwako halikufika hivyo kwa bahati. Lina mashine yake, sheria zake na mnada wake. Ukiijua historia hiyo, ugomvi wa sufuria na buli unakwisha wenyewe, na unapata vikombe viwili vizuri badala ya kimoja.

Tuanze China, maana ndiko jambo lilikoanzia. Katika karne ya nane, wakati wa utawala wa Tang, aliishi mtu aitwaye Lu Yu ambaye aliandika kitabu kizima juu ya chai, *Chajing*. Wapenzi wa chai humtaja kama mzee wa ukoo. Sasa huyu mzee alitengenezaje chai yake? Aliichemsha. Majani ya wakati ule yalikandamizwa kuwa mikate migumu. Unaubanika mkate, unausaga, unatia unga wake kwenye maji yanayochemka, pamoja na chumvi kidogo. Alichokasirikia Lu Yu ni watu waliotia vitunguu, tangawizi, maganda ya machungwa na mnanaa. Kinywaji hicho alikifananisha na maji ya mtaroni. Kwa hiyo ugomvi wa tangawizi kwenye chai una miaka zaidi ya elfu moja na mia mbili, na haukuanzia kwa mama ntilie wa Kariakoo.

Kuloweka majani mazima kulikuja baadaye sana, na kulisukumwa na amri. Mwaka 1391 Hongwu, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming, alipiga marufuku mikate ya chai kama kodi ya kupelekwa ikulu. Kutengeneza mikate hiyo kulikuwa kunawachosha wakulima, akaamuru yaletwe majani makavu yaliyo huru. Majani hayo hayasagwi. Unayatia kwenye chombo, unamimina maji ya moto. Ndipo buli tunalolijua likapata kazi yake. Wazungu walipofika bandari za China katika karne ya 16 na ya 17, hicho ndicho walichokikuta. Kwa hiyo ukiloweka majani unafuata desturi ya Kichina ya zama za Ming, ambayo Waingereza waliichukua pamoja na vyombo vyake.

Vyombo, kwa kweli, sisi tulivipata mapema kuliko wao. Bakuli za kauri za China zimefukuliwa Kilwa na Gedi, na kwenye pwani yetu watu walizipachika katika kuta na makaburi kama pambo la heshima, karne nyingi kabla London haijaonja chai. Vyombo vilitangulia, kinywaji kikafuata. Na kilipofuata, hakikuja na mkulima wa Kiingereza. Neno lenyewe linashuhudia. Lugha nyingi za dunia zimechukua jina la chai kwa njia mbili: waliolipata kupitia meli za Waholanzi kutoka pwani ya Fujian wanasema "te" au kitu kinachofanana nalo, na Waingereza wako humo. Waliolipata kwa njia ya Uajemi, India na Uarabuni wanasema "chai" au "shai". Sisi tuko kundi la pili. Neno hili ni jamaa wa majirani zetu wa Bahari ya Hindi.

Tukalipa kazi nyingi neno hilo. "Umekunywa chai?" maana yake umepata kifungua kinywa, hata kama ulikunywa uji. Askari akikuomba chai barabarani, hana kiu. Na chai isiyo na maziwa huko Mombasa na visiwani huitwa chai ya mkandaa, kwa sababu magome ya mti wa mkandaa hutoa rangi nyekundu ya kutia ngozi na nyavu. Bara tunaiita chai ya rangi. Yote mawili ni majina ya kitu kinachojulikana kwanza kwa rangi yake. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kutoka China twende India, maana sufuria yetu inatoka huko. Chai ya Assam iliuzwa London kwa mara ya kwanza Januari 1839, na kwa miongo mingi Wahindi walioilima hawakuwa wanywaji wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye mashamba waliona soko kubwa liko mlangoni, wakatuma mawakala mijini na kwenye vituo vya treni kufundisha umma kutengeneza chai "sawasawa", yaani kwa buli, na maziwa kidogo. Wauzaji wa barabarani wakasikiliza, kisha wakafanya yao. Majani ni ghali? Punguza majani, ongeza maziwa, sukari, tangawizi na iliki, chemsha vyote pamoja mpaka jani litoe kila lilichonacho. Mawakala hawakufurahi, kwa kuwa ndoto yao ilikuwa kuuza majani mengi, siyo viungo. Lakini kinywaji kikashinda. Ndugu na jamaa wa watu hao ndio waliofungua maduka kutoka Zanzibar hadi Kisumu, na chai ya maziwa yenye viungo ikaingia kwenye jikoni zetu kupitia jirani, kama chapati ilivyoingia.

Wakati huohuo mmea wenyewe ulikuwa unaota hapa. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1902, na chai ilikuwa miongoni mwa mimea iliyojaribiwa pale. Miaka miwili baadaye ilipandwa Kyimbila, Rungwe. Upande wa Kenya, ndugu wa familia ya Caine walipanda mbegu kutoka India huko Limuru mwaka 1903. Biashara ya kweli ilianza miaka ya 1920: Brooke Bond na James Finlay waliingia Kericho, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wameondolewa. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai kutoka Kericho na kuwapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Madai ya ardhi hiyo hayajafungwa hadi leo.

Na Mwafrika mwenye shamba lake mwenyewe? Kenya hakuruhusiwa kupanda chai mpaka miaka ya 1950. Sababu iliyotolewa ilikuwa ubora: eti mkulima mdogo atachuma ovyo na kuharibu jina la chai ya nchi. Kulikuwa na sababu nyingine. Mwaka 1933 nchi kuu zinazouza chai zilikuwa zimekubaliana kupunguza uzalishaji ili bei isianguke, na makoloni ya Afrika Mashariki yakakubali kubana upandaji mpya. Nafasi ilikuwa ndogo, na waliokwisha kukaa hawakutaka kusogea. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliofungua mlango. Mwaka 1957 kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kikaanza kazi Ragati, Nyeri. Mwaka 1964 likaundwa shirika la KTDA, na hoja ya ubora ikafa kimyakimya: wakulima hao walichuma majani mawili na chipukizi, kama walivyoelekezwa, na chai yao ikashindana na ya mashamba makubwa mnadani. Kwetu Tanganyika, wakulima wadogo wa Rungwe, Njombe na Usambara waliingia kwa wingi baada ya uhuru.

Lakini waliingia katika biashara ambayo tayari ilikuwa imeshachagua mashine yake, na mashine hiyo ndiyo iliyoamua unachokunywa leo.

Kwa njia ya zamani, jani lililochumwa huachwa linyauke, kisha huviringishwa taratibu mpaka utomvu utoke, huachwa ligeuke rangi kwa hewa, halafu hukaushwa. Linabaki jani: limejikunja, limekuwa jeusi, lakini ukilitia maji linafunguka na unaona kingo zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Assam, William McKercher alibuni mashine yenye rola mbili za meno zinazozunguka kwa kasi tofauti. Jani likipita katikati linasagwa, linararuliwa na kusokotwa kwa mkupuo. Kinachotoka ni chembechembe ngumu, kama mchanga mnene. Njia hii inaitwa CTC. Chembe hizo hutoa rangi haraka, hutoa ukali haraka, na kilo moja hutoa vikombe vingi kuliko kilo ya majani mazima. Zilikubali vizuri kuchanganywa na chai za nchi nyingine, na vifuko vya chai viliposhika soko la Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia, zilikuwa za ukubwa kamili wa kuingia humo. Viwanda vya Afrika Mashariki vilijengwa au kubadilishwa kwa ajili yake. Leo karibu chai yote ya Kenya ni CTC, na ya Tanzania sehemu kubwa.

Hapa inabidi niseme neno kuhusu lawama tuliyoizoea: kwamba majani mazuri wanapeleka nje, sisi wanatuachia vumbi. Nimeisikia tangu utotoni, na ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba chai nyingi mno inauzwa nje. Mnada wa Mombasa, uliohamishiwa huko kutoka Nairobi mwaka 1969, unalisha Pakistan, Misri na Uingereza. Ni kweli pia kwamba madaraja ya pili ni rahisi kuyakuta kwenye pakiti za bei nafuu. Lakini "vumbi" katika biashara hii ni jina la ukubwa. Haina maana ya takataka zilizofagiliwa chini. Madaraja makuu ya Kenya ni BP1, PF1, PD na D1, na hayo mawili ya mwisho ni ya vumbi. Bei zake mnadani mara nyingi hukaribiana na za wenzake. Muingereza anayekunywa kifuko chake anakunywa chembechembe hizihizi. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa, hakuna ghala la majani mazima tuliyofichwa. Majani mazima hayakutengenezwa kabisa. Kwangu mimi hilo ni zito zaidi ya kufichwa, maana anayefichwa kitu anajua walau kwamba kipo.

Bibi yangu mzaa mama alilima chai Rungwe, kipande kisichofika eka moja, kwenye mteremko chini ya migomba. Alichuma asubuhi, akapeleka kikapu kituoni, kikapimwa, lori la kiwanda likachukua. Jioni alipika chai kwa majani ya pakiti kutoka dukani. Niliwahi kumuuliza kama ameshawahi kunywa chai ya shamba lake. Aliniangalia kama nimemuuliza kama mkulima wa pamba anakula pamba. "Yale ni majani, mjukuu wangu," akasema. "Chai inatoka dukani."

Miaka mingi baada ya yeye kufariki, nilienda likizo nikamwomba mama mdogo tujaribu. Tulichuma chipukizi laini, tukayatandaza kwenye ungo usiku kucha. Asubuhi yalikuwa yamelegea kama mchicha wa jana. Tukayaviringisha kwa viganja mpaka mikono ikanata, tukayafunika kwa kitambaa kibichi masaa matatu mpaka yakawa na rangi ya shaba na harufu ya matunda, kisha tukayakausha kwenye sufuria kavu kwa moto mdogo. Majani mabichi kilo nne na nusu hivi hutoa kilo moja ya chai kavu. Sisi tulipata kiasi cha kujaza kikombe. Tukayaloweka. Rangi ilikuwa ya asali nyepesi, na ladha ilikuwa laini, yenye utamu wa mbali unaokuja baada ya kumeza.

Mama mdogo alionja mara mbili. "Nzuri," akasema, "ila haina nguvu. Hebu tuchemshe na maziwa tuone." Tukachemsha. Ikatoka maziwa ya moto yenye rangi ya kijivu. Chai yenyewe huioni. Kisha akachukua majani ya pakiti, akayachemsha na maziwa yaleyale, na chai ikasimama: nyekundu, nzito, yenye kishindo.

Jaribio hilo dogo linasema yote. Chembechembe za CTC zilitengenezwa ziwe kali na za rangi, na ukali huo unahitaji mwenza. Protini za maziwa hushikana na vile vitu vinavyokaza ulimi, na chai inakuwa laini bila kupotea. Bibi yangu na mamilioni wengine waliochemsha chai na maziwa hawakuwa wanakosea. Walipewa jani la namna fulani, wakagundua linavyopikika. Jani zima limetengenezwa kwa kazi nyingine, na ukilipeleka kwenye sufuria ya maziwa unalionea.

Basi, kwa vitendo. Kama jikoni una pakiti ya kawaida, chemsha maji na tangawizi kwanza, tia majani, yaache yachemke dakika mbili tatu, ongeza maziwa, subiri yapande, epua. Unaitaka ya rangi? Mimina maji yanayochemka juu ya majani. Dakika mbili zinatosha, zaidi ya hapo unaongeza ukali tu. Kwa vyovyote vile, chuja kabla ya kutia kwenye chupa. Majani yakikaa humo masaa manne, chai inakuwa dawa.

Kama umepata majani mazima, na sasa yanapatikana zaidi kwa kuwa baadhi ya viwanda vya Kenya vimerudia njia ya zamani, na utafiti wa Kericho ulitoa mwaka 2011 aina ya chai yenye majani ya zambarau, basi buli lisiloshika harufu ndilo rafiki yako. Lisuuze kwa maji ya moto kwanza. Tia kijiko kimoja cha chai kilichojaa, gramu mbili au tatu, kwa kila kikombe. Usiyabane kwenye kichujio kidogo cha duara, yanahitaji nafasi ya kufunguka. Chai nyeusi inataka maji yaliyotoka kuchemka na dakika tatu hadi nne. Chai ya kijani inataka maji yaliyopoa hadi nyuzi 75 au 80, na dakika mbili, la sivyo inakuwa chungu. Usitupe majani baada ya mara moja. Mazuri yanakubali mara ya pili, na wengine wanapenda hiyo ya pili kuliko ya kwanza. Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na iliki na karafuu, maana jani la chai hunyonya harufu ya jirani.

Mahali ulipo pia pana neno. Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100. Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, huchemka kwa takriban nyuzi 93, hivyo chai nyeusi inahitaji muda zaidi kidogo. Na maji ya kisima yenye chumvi huua chai yoyote, iwe ya pakiti au ya bei mbaya.

Usiogope vipimo kupita kiasi. Upo utaratibu rasmi wa kimataifa wa kutengeneza chai, ISO 3103 wa mwaka 1980: gramu 2 kwa kila mililita 100, dakika sita. Uliandikwa kwa ajili ya waonjaji, ili kila sampuli itengenezwe sawa na kasoro zake zionekane. Mtu anayekunywa chai na jirani yake kibarazani hatafuti kasoro.

Ninachokitaka hasa ni jambo ambalo haliko jikoni. Ningependa mkulima wa Rungwe au Nyeri, anayejua kwa vidole vyake tofauti ya chipukizi la leo na la juzi, aonje jani lake likiwa zima, halafu aamue mwenyewe kama analipenda. Labda atasema halina nguvu, arudie sufuria yake. Ni sawa kabisa. Ila atakuwa amechagua. Na wewe, mtu akija kukusahihisha namna unavyotengeneza chai, usibishane naye. Mwambie akuonyeshe kwanza majani.